Saa ya Kazini, Saa ya Mlimani: Namna ya Kuchagua Saa ya Mkono Itakayofaa Kotekote

Mji wa Morogoro umekaa chini ya Milima ya Uluguru, kwenye mwinuko wa takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, huku kilele cha Lupanga chenye mita 2,138 kikiwa juu yake. Na kwa sababu hiyo mtu anayeshinda ofisini, benki au darasani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa anaweza, bila safari ndefu, kuwa msituni Jumamosi asubuhi, akivuka vijito na kushikilia mizizi na mawe yenye utelezi. Wengine humalizia juma shambani Kinole au Mgeta, wengine Uwanja wa Jamhuri wakitazama mpira, wengine harusini, kanisani au msikitini. Nguo hubadilishwa na viatu hubadilishwa, lakini saa ya mkono, kwa watu wengi, ni ileile moja, kwa kuwa si wengi wenye uwezo au haja ya kuwa na saa mbili.

Swali la saa ipi itafaa kazini na pia siku za mapumziko huwa linajibiwa kwa kutazama urembo au jina la kampuni, ilhali mazingira ya Morogoro yenyewe yana jibu lililo makini zaidi. Makala haya yanashikilia kwamba mapumziko ndiyo yanayopaswa kuchagua kasha la saa, yaani mwili wake wa chuma au plastiki pamoja na kioo na viziba maji vyake, kwa sababu huko ndiko saa inakopata taabu. Kwamba kazi ndiyo inayopaswa kuchagua uso wake, kwa sababu huko ndiko inakosomwa mara nyingi na kutazamwa na wengine. Na kwamba mkanda ndio unaopatanisha pande hizo mbili, kwa kuwa ndicho kipande pekee kinachobadilishwa kwa urahisi na kwa gharama ndogo.

Saa ya mkono katika zama za simu

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume wengi wa Ulaya waliobeba saa waliiweka mfukoni ikiwa imefungwa mnyororo, na saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilibadili desturi hiyo, kwa sababu askari aliyeshika bunduki au ramani hakuwa na mkono wa ziada wa kuchomoa saa mfukoni, na mashambulizi yalipangwa kwa dakika. Vita hivyohivyo viliifikia Morogoro: majeshi ya upande wa Uingereza yaliuteka mji tarehe 26 Agosti 1916, na majeshi ya Kijerumani yakarudi nyuma kuelekea kusini kupitia milima ya Uluguru. Kutokana na mahitaji ya askari wa wakati huo kulizuka aina ya saa ambayo hadi leo inatengenezwa, yenye uso wa rangi moja, tarakimu kubwa na mishale inayong'aa gizani. Na si ajabu kwamba aina hiyo, iliyobuniwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwenye matope huku akitakiwa kufika kwa wakati, ni miongoni mwa zinazomfaa zaidi mkazi wa Morogoro wa leo.

Wapo wanaosema kwamba simu imeifanya saa ya mkono kuwa pambo tu, lakini hoja hiyo haitazami maisha yalivyo. Mwalimu anayesimamia mtihani wa taifa haingii na simu katika chumba cha mtihani, na bado anawajibika kujua dakika zilizobaki. Muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo anahitaji mshale wa sekunde ulio mbele ya macho wakati vidole vyake viko juu ya mshipa wa mgonjwa. Mtumishi aliye kikaoni anaweza kuitupia saa jicho bila kuonekana amechoshwa na mzungumzaji, jambo ambalo simu haimruhusu. Mlimani, ambako mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine unatafuta pa kushika, simu hukaa kwenye begi ndani ya mfuko wa plastiki, na chaji yake ni heri itunzwe kwa ajili ya dharura.

Reli nayo imeongeza uzito wa jambo hili. Reli ya kwanza kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na reli mpya ya kisasa, inayojulikana kama SGR, ilianza kusafirisha abiria kati ya miji hiyo miwili mwezi Juni 2024. Abiria aliyezoea basi, ambalo aghalabu akilikosa hupata lingine baada ya muda mfupi, sasa anakabiliana na chombo kinachoondoka kwa ratiba, abiria awe amefika au hajafika.

Kasha: maji, jasho na mawe

Miteremko ya mashariki ya Uluguru, inayopokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu zake nyingi, na humo ndimo inamoanzia mito inayoulisha Mto Ruvu, ambao ni tegemeo la maji ya Dar es Salaam. Kwa anayenunua saa, maana yake ni kwamba jambo la kwanza la kuuliza ni uwezo wa saa kuzuia maji, na jibu lake limechongwa nyuma ya kasha au kuandikwa usoni kwa kipimo cha mita au cha bar.

Kipimo hicho hueleweka vibaya mara nyingi. Saa iliyoandikwa mita 30, ambayo ni sawa na bar 3, haimaanishi kwamba mvaaji anaweza kuzama nayo hadi kina hicho. Inamaanisha kwamba saa za aina hiyo zimepimwa kiwandani kwa mgandamizo unaolingana na maji yaliyotulia ya kina hicho, zikiwa mpya. Mkono unaopiga maji, maji yanayotoka kwa kasi bombani na maji yanayoporomoka kutoka juu huongeza mgandamizo kwa ghafla, na mpira mwembamba unaoziba kifuniko cha nyuma huchakaa kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo saa ya bar 3 hutosha kwa manyunyu na kunawa mikono. Ya bar 5 kwa mvua kubwa na kuoga kwa muda mfupi. Na ya bar 10, yaani mita 100, ndiyo inayofaa kwa kuogelea na kwa anayekusudia kusimama chini ya maporomoko ya maji. Mvaaji Mwislamu ana sababu nyingine ya kuchagua kipimo kikubwa, kwa kuwa udhu unataka maji yaufikie mkono wote hadi kiwikoni, na saa inayosogezwa au kuvuliwa mara tano kwa siku huku mikono ikiwa na maji hulowa hata kama mwenyewe hakukusudia.

Mabadiliko ya joto nayo yana athari. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo anayetoka mjini wakati wa joto akafika karibu na Lupanga huwa amekutana na hewa iliyopungua joto kwa nyuzi kama 10. Saa iliyokwisha kuingiwa na unyevu hujitangaza hapo: mvuke uliomo ndani hugeuka matone na kuweka ukungu chini ya kioo. Ukungu huo, hata ukitoweka baada ya saa moja, ni ishara kwamba kiziba maji kimeshindwa na kwamba kutu imekwisha kupata njia, na saa hiyo inastahili kupelekwa kwa fundi mara moja.

Kuhusu kioo, aina zilizoenea ni tatu. Ya kwanza ni ya plastiki ngumu, ambayo hukwaruzika kirahisi lakini haipasuki ovyo na hung'arishwa tena kwa kusuguliwa. Ya pili ni kioo cha kawaida kilichoimarishwa, kinachopatikana katika saa nyingi za bei ya kati. Na ya tatu ni yakuti inayotengenezwa kiwandani, yenye ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, ambacho hupima madini kuanzia 1 hadi 10 kwa uwezo wa moja kukwaruza jingine. Chembe za mchanga wa kwatzi, zilizomo katika vumbi la kiangazi, zina ugumu wa 7, na kwa hiyo hukikwaruza kioo cha kawaida lakini haziwezi kuikwaruza yakuti. Hata hivyo yakuti hupasuka ikigongwa vibaya kwenye jiwe, na anayepanda mlima kila wiki atakuwa amefanya busara akichagua saa ambayo ukingo wa kasha lake umenyanyuka kidogo kupita kioo, ili jiwe likutane na chuma kwanza.

Chuma chenyewe hakina budi kuwa chuma kisichoshika kutu kwa kasha zima. Saa nyingi za bei ndogo zina maandishi yanayosema kwamba kifuniko cha nyuma ni cha chuma cha namna hiyo, na mnunuzi hudhani maneno hayo yanaihusu saa yote, kumbe kasha ni la madini hafifu lililopakwa rangi ya fedha au dhahabu ambayo jasho huimaliza pembeni, palepale mkono unapokutana na saa. Baadhi ya watu huota vipele madini hayo yanapoanza kuigusa ngozi, hasa yakiwa na nikeli. Na kwa kuwa mafundisho ya Kiislamu huwakataza wanaume kujipamba kwa dhahabu, kasha la chuma lisilopakwa kitu huwa chaguo lisilo na utata kwa wote.

Uso: kusomeka kabla ya kupendeza

Saa ya kazini husomwa kwa nukta moja, mara nyingi na mtu ambaye akili yake iko kwenye jambo jingine, na kwa hiyo sifa kuu ya uso wake ni kutofautiana kwa rangi: mishale myeupe juu ya uso mweusi au wa buluu iliyokoza, au mishale myeusi juu ya uso mweupe. Uso wenye duara ndogondogo tatu, pete za tarakimu na rangi nyingi huvutia dukani lakini huchosha macho, na hauendi vizuri na kanzu, suti wala gauni la kitenge.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, saa ya mishale ina faida ambayo saa ya tarakimu haina. Hesabu ya saa kwa Kiswahili huanzia mapambazuko na machweo, na hupishana na ile iliyochorwa usoni kwa saa 6. Na kwa kuwa saa 6 ni nusu kamili ya duara lenye saa 12, jina la Kiswahili la saa yoyote liko upande wa pili kabisa wa uso. Mshale mfupi ukielekea 9 asubuhi, mkia wake unaelekea 3, nayo ni saa tatu. Ukielekea 2 mchana, mkia unaelekea 8, nayo ni saa nane. Jicho lililozoea hufanya hivyo bila hesabu yoyote. Anayetumia saa ya tarakimu, akiona 14:30, hana budi kutoa 6 kichwani ili apate saa nane na nusu, ingawa saa hiyo inamrahisishia kusoma ratiba za safari, ambazo nyingi huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Uso unaotosheleza mahitaji yote mawili ni ule wa mishale wenye tarakimu au alama wazi kwa saa zote 12, na, ikiwezekana, safu ndogo ya ndani yenye 13 hadi 24.

Mambo mawili zaidi ya usoni yana faida kazini na mlimani kwa pamoja. La kwanza ni rangi inayong'aa gizani baada ya kufyonza mwanga, kwani Morogoro, ikiwa karibu na ikweta, huona jua likizama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja jioni kwa mwaka mzima, giza hufuata haraka, na ndani ya msitu huwahi zaidi. La pili ni pete ya nje inayozungushwa, iliyobuniwa kwa ajili ya wapiga mbizi: alama yake ikilinganishwa na mshale wa dakika mwanzoni mwa shughuli, dakika zilizopita husomwa moja kwa moja kwenye pete, na mwalimu mwenye kipindi cha dakika 40 hunufaika nayo sawasawa na mpandaji anayetaka kujua ametembea muda gani ili ageuke mapema na kushuka kukiwa bado na mwanga.

Inafaa kuonya juu ya jambo moja linalofundishwa katika vitabu vingi vya nchi za mbali, nalo ni kutumia saa ya mishale na jua kutafuta kaskazini. Mbinu hiyo hutegemea jua la adhuhuri kukaa upande mmoja wa anga mwaka mzima. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kuanzia takriban katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, wakati miezi mingine hupita kaskazini. Anayeitegemea mbinu hiyo Uluguru anaweza kupotea. Dira na mwenyeji anayezijua njia ndio msaada wa kweli.

Mtambo: betri, jua au spiringi

Ndani ya saa ya betri kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na sakiti ndogo huhesabu mitetemo hiyo ili kuusogeza mshale. Saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa, Seiko Astron, ilitolewa Japani tarehe 25 Desemba 1969, na kutoka hapo usahihi ambao zamani ulikuwa wa matajiri ukawa wa kila mtu, kwani saa ya kawaida ya kwatzi hupotea kwa sekunde zipatazo 15 tu kwa mwezi. Saa ya spiringi, iwe ya kutiwa ufunguo kwa mkono au ya kujijaza kwa mwendo wa mvaaji, ina uzuri wa ufundi na huishi miaka mingi ikihudumiwa, lakini ile ya bei nafuu huweza kupotea sekunde 20 au zaidi kwa siku, ambazo kwa wiki ni zaidi ya dakika mbili, na mtu wa kuwahi treni atalazimika kuirekebisha kila mara.

Baina ya hizo kuna saa ya kwatzi inayojichaji kwa mwanga, na hiyo ndiyo inayostahili kupewa kipaumbele na mwenye uwezo wa kuipata, kwa sababu jua la Tanzania si haba na kwa sababu kifuniko cha nyuma hakifunguliwi kila baada ya miaka michache, hivyo kiziba maji chake hakisumbuliwi. Kwa mwenye bajeti ndogo, saa ya plastiki ya Casio aina ya F-91W, inayotengenezwa tangu mwaka 1989 na ambayo betri yake hukadiriwa kudumu miaka 7, ni nyepesi na sahihi, ingawa uwezo wake wa kuzuia maji ni mdogo na haifai kuogelea nayo. Saa janja, zinazopima mapigo ya moyo na kuchora njia, zina manufaa kwa wafanya mazoezi, lakini nyingi hudai chaji kila baada ya siku chache.

Mkanda na ukubwa

Mkanda wa ngozi hupendeza ofisini, ila ngozi hunyonya jasho, hutoa harufu na kuota ukungu mweupe wakati wa masika. Mkanda wa chuma hustahimili maji na huonekana rasmi, lakini hukwaruzwa na mawe na kunasa vinyweleo. Mkanda wa mpira au wa nailoni iliyofumwa huoshwa kwa sabuni na kukaushwa. Suluhisho ni kununua saa ambayo nafasi ya kushikia mkanda ni ya kipimo cha kawaida, yaani milimita 18, 20 au 22, kisha kuwa na mikanda miwili, wa chuma au ngozi kwa siku za kazi na wa nailoni kwa siku za mlimani. Na vipini vya kushikia mkanda vya siku hizi, vyenye kishikio kidogo cha kuvuta kwa ukucha, huwezesha kubadilisha bila kwenda kwa fundi. Anayevutiwa na saa ambayo mkanda wake umeungana na kasha kwa umbo la pekee ajue kwamba mkanda huo ukikatika, kupata mwingine kutakuwa kazi.

Kuhusu ukubwa, mkono wenye mzingo wa sentimita 15 hadi 17 huchukua vizuri kasha la milimita 36 hadi 39, na wenye mkono mwembamba zaidi huanzia 28 hadi 34. Kipimo muhimu kuliko upana ni urefu kutoka pembe ya juu ya kasha hadi ya chini, ambao haupaswi kupita ukingo wa mkono, na unene, ambao ukizidi milimita 12 hufanya mkono wa shati ukwame.

Dukani na mezani kwa fundi

Saa bandia zimejaa sokoni, na Tume ya Ushindani ndicho chombo cha serikali chenye jukumu la kupambana na bidhaa za namna hiyo nchini. Mnunuzi anaweza kujilinda kwa kuvuta ufunguo, yaani kile kirungu cha pembeni, na kuona kama mishale inazunguka bila kutikisika. Kwa kubonyeza vitufe vyote na kuhakikisha kwamba duara ndogo zina kazi na hazikuchorwa tu. Kwa kulinganisha namba ya nyuma ya kasha na ile ya karatasi. Na kwa kudai risiti. Akinunua saa iliyotumika, amwombe fundi afungue kifuniko ili mtambo uonekane, kwa maana kutu haifichiki.

Fundi saa, mwenye meza yake ndogo yenye kisanduku cha kioo na lenzi ya jicho, ndiye mshirika wa kudumu wa mwenye saa. Anapobadilisha betri, mambo matatu yanastahili kutazamwa kwa karibu. Betri iliyoenea katika saa za mishale, iandikwayo 377 au SR626SW, ina upana wa milimita 6.8 na hutumia oksaidi ya fedha, wakati ile ya LR626 yenye umbo lilelile ni ya alkali, ni rahisi zaidi, hudumu muda mfupi na huweza kuvuja na kuharibu sakiti. Mpira wa kifuniko utolewe, utazamwe kama umekauka au kupinda, upakwe grisi ya silikoni kidogo na kurudishwa katika mfereji wake bila kubanwa. Na kabla ya kufunga, fundi apulize vumbi kwa kipulizio badala ya mdomo, kwani pumzi ya mtu ina unyevu ambao hauna pa kutokea kifuniko kikishafungwa.

Kwa jumla, mkazi wa Morogoro mwenye kiasi fulani cha fedha atafanya vema akikigawa kwa mpangilio huu: kwanza kasha la chuma kamili lenye bar 10, kisha mtambo wa kwatzi wa betri au wa mwanga, kisha uso unaosomeka mchana na usiku, kisha mkanda wa pili, na mwisho kabisa jina la kampuni, ikiwa kuna kilichobaki. Saa iliyochaguliwa hivyo ni vema inunuliwe kabla ya mwezi Machi na kuvaliwa katika masika nzima, ofisini na njiani, wakati waranti ya dukani ingali hai. Kwani mvua za msimu huo humwonyesha mnunuzi ubora wa saa kwa uhakika ambao maelezo ya muuzaji hayawezi kuufikia, na kasoro ikijitokeza atakuwa bado na haki ya kuirudisha.